Mashimo ya Mfalme Sulemani, mashimo ya Sirikwa

Mara ya kwanza kumwona Allan Quatermain nilikuwa darasa la tano, nimekaa sakafuni katika banda moja la video Kisumu Ndogo, hapa Langas. Mwaka ulikuwa 2009, kiingilio shilingi tano kwa mtoto. Filamu ilikuwa ile ya 1985, yenye Richard Chamberlain na Sharon Stone, na juu ya sauti zao ilipita sauti ya deejay, kwa mtindo ambao DJ Afro ameueneza Kenya nzima: nusu anatafsiri, nusu anatunga, na akichoka anasalimia mashabiki wa Kitale. Jina Quatermain hatukulijua. Alikuwa staring tu. Na sheria ya banda kila mtoto aliijua: staring hafi.

Kuna mahali kwenye hiyo filamu staring na manzi wake wanatiwa ndani ya chungu kikubwa cha kupikia, mboga zikielea kando yao. Tulicheka mpaka mwenye banda akatishia kuzima jenereta. Hakuna aliyeuliza wale wapishi ni akina nani. Sisi tulikuwa upande wa chungu, ndani, na wazungu. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba Chinua Achebe alishalikiri jambo hili kabla hatujazaliwa: akiwa mtoto Nigeria, akisoma vitabu vya aina hii, alijikuta anawashangilia wazungu dhidi ya washenzi, mpaka siku alipong'amua kuwa yeye ndiye mshenzi wa hadithi.

Kitabu chenyewe nilikutana nacho zaidi ya miaka kumi baadaye, baada ya kuacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma historia, karo ikaisha kabla ya digrii. Ni hadithi fupi na haina staring. Nikarudi Langas nikaanza kuandikia watu kwa malipo: barua za kuomba kazi, wasifu wa marehemu, mara mojamoja makala kama hii. Jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyepita miaka themanini, akaniita nimpigie chapa historia ya ukoo wake. Mezani kwake kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ukurasa wa ndani uliandikwa Mashimo ya Mfalme Sulemani.

"Mwalimu, si ni migodi?" nikamwuliza. Kichwa cha Kiingereza nilikijua.

"Migodi mnasema nyinyi," akasema. "Sisi tulisoma mashimo."

Neno hilo ndilo limenifanya niandike haya.

Henry Rider Haggard alizaliwa Uingereza mwaka 1856. Akiwa na miaka kumi na tisa alitumwa Afrika Kusini kufanya kazi serikalini, na mwaka 1877 alikuwa miongoni mwa waliopandisha bendera ya Uingereza Pretoria, Waingereza walipoitwaa Transvaal. Akarudi kwao, akasomea sheria, na inasemekana aliwekeana dau na kakake kwamba anaweza kuandika kitabu kitakachoshindana na Treasure Island cha Robert Louis Stevenson. Akaandika King Solomon's Mines. Kikatoka mwaka 1885, mwaka uleule mkutano wa Berlin ulipomaliza kazi yake ya kuweka kanuni za kuigawana Afrika. Kiliuzwa sana. Watu wakitafuta mzizi wa hadithi zote za miji iliyopotea, ramani za kale na mwindaji mwenye kofia pana, pamoja na Indiana Jones mwenyewe, wengi wao huishia kwa Haggard.

Hadithi yenyewe ni hivi. Wazungu watatu wanapata ramani iliyochorwa kwa damu. Wanavuka jangwa pamoja na Umbopa, Mwafrika aliyejiunga nao bila kueleza nia yake. Ng'ambo ya milima wanakuta nchi ya Wakukuana, yenye barabara kuu ya mawe na sanamu kubwa ambazo wenyeji hawakuzijenga na hawajui aliyezijenga. Umbopa anatokea kuwa ndiye mfalme halali. Halafu kuna shimo, na ndani yake almasi za Sulemani.

Zingatia hapo penye barabara, kwa sababu ndipo penye sumu. Waafrika wa Haggard wana ushujaa, wana heshima, Umbopa anawajibu wazungu bila kutetemeka, na kwa mwandishi wa 1885 hilo si dogo. Lakini mawe si yao. Waliyakuta tu. Aliyeyachonga alitoka mbali, akaondoka, na mzungu anapofika anakuja kama mrithi wa yule wa kwanza. Haggard hakulibuni wazo hilo peke yake. Mjerumani Carl Mauch alifika Great Zimbabwe mwaka 1871 akaziona zile kuta, akaamua ni kazi ya Malkia wa Sheba. Haggard alilichukua wazo lililokuwa hewani akalipa mbio, damu na vichekesho, na likienda kwa mbio halikaguliwi.

Sasa, ilikuwaje hadithi hiyo ikafika mezani kwa Mwalimu kwa Kiswahili? Miaka ya 1920 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilitaka Kiswahili kimoja cha shuleni, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Lakini lugha ya shule inahitaji vitabu. Frederick Johnson, ambaye baadaye aliongoza Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na ambaye kazi yake ndiyo msingi wa ile kamusi kubwa ya 1939, akakaa chini na wenzake wakatafsiri. Ndipo zikaja Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver, Alfu Lela U Lela, na mwaka 1929, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kusadikika cha Shaaban Robert kilikuwa bado miaka ishirini na miwili mbele. Yaani watoto kadhaa wa vizazi hivyo, riwaya yao ya kwanza kwa Kiswahili sanifu ilikuwa ya mtu aliyepandisha bendera Pretoria. Ngũgĩ wa Thiong'o anamtaja Haggard katika Decolonising the Mind miongoni mwa waandishi aliolishwa shuleni, na hamtaji kwa kumshukuru.

Mwaka huohuo wa 1929, Gertrude Caton-Thompson alikuwa Great Zimbabwe akichimba. Alichimba chini ya kuta zenyewe, mahali ambapo hakuna aliyeweza kudai kuwa vitu viliingizwa baadaye, akatangaza bila kumung'unya maneno: kazi hii ni ya Waafrika. Walowezi waliohudhuria walimkasirikia. Kwa hiyo mwaka ule ambao hadithi ya Sulemani ilipewa Kiswahili safi cha kusomwa darasani, majibu yake yalikuwa tayari yamefukuliwa udongoni. Hadithi ilifika Langas. Majibu mimi niliyapata chuoni, muhula mmoja kabla ya karo kuisha.

Nilimwuliza Mwalimu kama kitabu kiliwaudhi. Akacheka. Darasani walikuwa wakisoma kwa zamu, kwa sauti, na siku ya kifo cha Khiva mtoto aliyekuwa akisoma alishindwa kuendelea. Khiva ni kijana wa Kizulu, mtumishi. Ndovu anamwendea mmoja wa wale wazungu, Kapteni Good, aliyeteleza na kuanguka. Khiva anamrushia ndovu mkuki, ndovu anamgeukia yeye na kumrarua vipande viwili. Hapo ni mapema, hata jangwa halijafikiwa. "Tulimlilia kama ndugu," Mwalimu akasema. "Sulemani hatukujali. Kwetu hakuna aliyekuwa na almasi."

Huku kwetu Haggard alifika mapema kuliko tunavyodhani. Kitabu cha pili, Allan Quatermain, cha 1887, kinaanzia Lamu. Nduguye Jack alikuwa naibu balozi wa Uingereza huko Lamu miaka hiyo ya 1880, na Joseph Thomson alikuwa ametoka tu kuchapisha habari za safari yake katika nchi ya Wamaasai. Quatermain na wenzake wanapanda mto Tana, wanapigana na Wamaasai kwenye misheni ya Mskoti mmoja, wanapita Mlima Kenya, wanazama kwenye mto wa chini ya ardhi na kutokea kwenye nchi iliyofichika. Wenyeji wa nchi hiyo ni weupe. Ndiyo, weupe, katikati ya Afrika, wakiwa na malkia wawili. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kununua chapati.

Sasa njoo Uasin Gishu.

Ukitoka Eldoret kuelekea pande za Moiben, na sehemu nyingi za nyanda hizi za juu, kuna mabonde madogo ya mviringo kwenye malisho, kama sahani zilizozamishwa ardhini. Mengi yana upana wa mita kumi hivi, mengine zaidi. Mengine yamejengewa mawe ukingoni. Upande wa chini wa mteremko pana kilima kidogo cha udongo. Wazee wa Kikalenjin huyaita ya Sirikwa, watu waliokuwepo kabla. Wengi wa rika langu jina hilo tulilijulia kwa hoteli kubwa ya mjini.

Wageni wa kwanza kutoka ng'ambo walipofika hapa, mashimo yalikuwa matupu. Makaburu walikuja mwaka 1908 kutoka Afrika Kusini, ileile Afrika Kusini ya Haggard: meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, kisha magari ya kukokotwa na ng'ombe kupanda mpaka kwenye uwanda huu. Posta ikawekwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana mji mpaka leo ni Sisibo. Uwanda wakauona hauna watu, wakauandika hauna watu. Hata jina lake ni la watu wasiokuwepo tena: Uasin Gishu ni Wamaasai walioshindwa vita na kutawanyika karne ya kumi na tisa. Na Eldoret limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, likavalishwa mkia wa Kinandi.

Na mashimo je? Mwingereza mmoja, G. W. B. Huntingford, aliishi miaka mingi pande za Nandi na Uasin Gishu, akajifunza lugha, akapima mawe. Alikuwa msomi makini, vitabu vyake juu ya Wanandi bado vinasomwa. Lakini mwaka 1933, katika jarida la Antiquity, alichukua mashimo haya, kuta za mawe, barabara za kale na matuta ya kilimo ya sehemu mbalimbali, akavitia vyote kwenye kapu moja, akaliita ustaarabu wa Waazania. Jamii moja ya kale, wajenzi kwa mawe, iliyochanua ikapotea. Sisemi alimnakili Haggard. Alikuwa na mawe mkononi, na kichwani hadithi ambayo kila Mwingereza wa umri wake alikua nayo, kwamba mawe katika Afrika yana mwenyewe aliyeondoka.

Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, ambako yapo mashimo kama haya. Mwaka huohuo kampuni ya Gaumont ya Uingereza ilitoa filamu ya King Solomon's Mines, Paul Robeson akiwa Umbopa. Robeson, Mmarekani mweusi, sauti ya radi, mtu aliyejifunza Kiswahili huko London kwa sababu alitaka kujua alikotoka, anaimba njiani kuelekea kwenye hazina ya Sulemani. (Miaka miwili nyuma alikuwa ameigiza Sanders of the River, na mmoja wa waliokodishwa kujaza umati wa machifu alikuwa mwanafunzi mwenye ndevu aitwaye Jomo Kenyatta. Kila mtu ana kazi aliyoifanya kwa sababu ya kodi ya nyumba.)

Jibu kamili la mashimo lilingoja miaka ya 1960, aliporudi kuyachimba John Sutton. Hapana dhahabu, hapana Sulemani. Lilikuwa zizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo usiku, nyumba ya mwenyewe imeshikamana ubavuni, mlango upande wa mteremko. Kila samadi na matope yalipozidi, yalizolewa na kutupwa nje mlangoni, na hicho ndicho kile kilima kidogo. Walioishi hivyo walikuwepo kuanzia kama miaka ya 1200 mpaka 1700 na kitu. Na hawakuyeyuka. Kwa hoja ya Sutton, kwa sehemu kubwa ni mababu wa Wakalenjin wenyewe, ambao maisha yalibadilika, wakaacha kujenga hivyo, na jina Sirikwa likabaki kwa wale wa zamani. Wengine waliingia kwa majirani. Waazania wa Huntingford wakafutika kwenye vitabu.

Nilipolisoma hilo nilikuwa mwaka wa kwanza, na nilitetemeka kidogo. Kwa sababu mimi natoka Langas.

Babu alikuja Eldoret miaka ya sabini kufanya kazi Rivatex. Babangu amezaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa. Kabila sitaji, anayeijua Langas anajua kwa nini. Januari 2008 nilikuwa na miaka tisa, na ploti yetu iliungua, na tukalala wiki kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Maneno niliyoyasikia siku zile yalikuwa mawili, wenyeji na wageni. Nilidhani ni maneno ya siasa ya mwaka ule. Kumbe ni ya zamani. Haggard ana wenyeji waliokuta mawe ya watu wengine. Makaburu walikuta uwanda ambao eti hauna mtu. Kila anayetaka ardhi huanza kwa kusimulia nani alikuwepo na nani alitoweka, na anayesimuliwa kuwa ametoweka hawezi kufika mahakamani.

Na kuna mahali hadithi hii ilifanya kazi mbaya kuliko Langas. Mwaka 1950 MGM ya Marekani ilitoa filamu yake ya King Solomon's Mines, ambayo wengi bado wanaiona ndiyo bora. Stewart Granger ni Quatermain, na Deborah Kerr amechomekwa kuwa mpenzi wake, maana kitabuni hakuna mzungu mwanamke hata mmoja. Haikutengenezwa studio tu. Walipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, hawakuweka muziki wa okestra, wakaacha ngoma na sauti za watu, na filamu ikachukua tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Kwa Wakukuana waliwachukua Watutsi wa Rwanda. Urefu wao, mavazi yao, mchezo wao vilikuwa kwa kamera ushahidi wa watu wa aina nyingine, waliotoka mahali pengine. Wakoloni wa Kibelgiji walishawaambia hivyo kwa miaka, kwamba ni Wahamiti, watawala kutoka kaskazini. Filamu ilipata faida, na mwaka 1959 MGM ikachukua mabaki ya picha zilezile ikatengeneza nyingine, jina lake Watusi. Novemba ya mwaka huohuo machafuko yalizuka Rwanda, nyumba zikachomwa, Watutsi wakaanza kukimbilia Uganda, Burundi na Kongo. Na mwaka 1994 waliokuwa wakiua walisema warudi walikotoka. Filamu haikuua mtu. Ila ilikuwa imeisimulia hadithi ileile, kwa rangi, dunia nzima.

Filamu hiyo niliitafuta nikaiangalia kwa simu, kitandani, bando la shilingi hamsini. Majina yakapita. Waigizaji wa Kiafrika wamewekwa peke yao na kabila zao, kama ng'ombe wenye chapa: Siriaque, Sekaryongo na Baziga wa Watusi. Na juu yao, anayeigiza Khiva: Kimursi wa kabila la Kipsigis.

Kipsigis. Hapo tu, ng'ambo ya Nandi. Jina moja, bila la baba. Katika filamu hii Khiva hauawi na ndovu. Anafika mbali zaidi, yuko nyuma ya Granger karibu kila mahali, mpaka mzungu mmoja mkimbizi wa sheria anapompiga risasi Quatermain, na risasi inamwishia Khiva. Kitabuni anakufa kwa ajili ya Good, katika filamu kwa ajili ya Quatermain. Staring hafi. Lakini kabla ya hapo anaongea, na anaongea Kiswahili, na Granger anamjibu kwa Kiswahili cha kubahatisha.

Kesho yake nikaichukua simu nikaenda kwa Mwalimu. Kazi ya ukoo tulikuwa tumefika kwa babu wa babu yake, na hapo alikuwa amekwama: jina alikuwa nalo, mahali hakuwa napo. Nikamwekea filamu, simu imeegemezwa kwenye kitabu chake kisicho na jalada. Jua lilikuwa likipiga kioo, ikabidi afunge pazia. Hakusema kitu kwa Deborah Kerr wala kwa simba. Kimursi alipofungua mdomo akainama mbele.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye Khiva, Mwalimu."

"Najua ni Khiva. Nauliza ni nani."

Nikamwambia jina, nikamwambia Mkipsigis, nikamwambia hakuna zaidi. Akalitamka polepole, Kimursi, halafu akalitamka tena kwa namna nyingine, akiweka uzito mahali ambapo mimi sikuuweka. Akatoa kalamu ya risasi mfukoni, akaandika pembeni ya ukurasa, pale penye ndovu.

"Rudisha hapo alipoongea," akasema. Nikarudisha. Akasema nirudishe tena.